Bahasha Isiyo na Jina Langu

Buhare, Musoma
6 Februari 2023

Dada Marcelina,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama hapo Kabasa, wewe na watoto. Usishtuke kuona mwandiko wangu. Ningepiga simu, lakini wewe ukipokea simu unaiweka sauti kubwa juu ya cherehani ili mikono isitoke kwenye kitambaa, na kila mteja anasikia. Mara ya mwisho nilikuambia tumbo linaniuma, na kabla ya jioni nikapigiwa na mama mmoja wa Bunda nisiyemjua, akinielekeza majani ya mpera. Kwa hiyo nimempa Leodgar, dereva wa gari la samaki, akuletee mkononi. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Unaikumbuka nundu yangu ya kiunoni. Wewe ndiye uliyeniogesha, unaijua kuliko mimi ambaye sijaiona ila kwenye kioo. Miaka yote ilikuwa kimya. Tangu Septemba mguu wa kushoto umekuwa mzito, unyayo una ganzi, na kiatu kinanivuka bila mimi kujua. Siku moja ya mvua nilifika ofisini na ndara moja.

Daktari wa hapa Musoma aliniandikia rufaa ya Mwanza nikapigwe picha ya MRI. Nilienda Januari, nikalala ndani ya lile bomba kama mkate kwenye tanuri, na baada ya siku mbili nikapewa majibu dirishani. Yamo ndani ya bahasha iliyogundishwa. Juu yake imeandikwa: Kwa Mganga Mfawidhi, SIRI. Dada wa dirishani aliitazama bahasha, akanitazama mimi, akasema, "Pole."

Hiyo ilikuwa tarehe 19 Januari. Bahasha bado imo sandukuni kwangu, chini ya mashati.

Najua utakachosema. Lakini mimi ni karani wa masjala. Jambo la kwanza nililofundishwa kazini ni kwamba barua inafunguliwa na yule iliyoandikiwa, na ya siri haiinuliwi hata kwenye mwanga. Nimekula kiapo. Kwa miaka mitatu sijafungua bahasha isiyo na jina langu, na sidhani kama naweza kuanza na hii. Kuipeleka hospitali nako nimejaribu. Nimefika getini mara nne. Nikifika naikumbuka ile pole.

Baba anataka kwenda Kiabakari baada ya Pasaka kuzungumza na wazee wa Mbuke. Naomba umwambie asubiri. Mwambie kazi zimenibana. Sitaki Mbuke aolewe na mtu asiyejua kama mwakani atakuwa anatembea, au kama atakuwepo. Sababu usimwambie.

Mdogo wako,
Pastory


Kabasa, Bunda
11 Februari 2023

Pastory,

Marahaba. Barua imefika inanuka dagaa. Nimeisomea chooni, maana hapa kwangu peke yako ni chooni tu.

Wewe mura, kijana mzima, umesoma mpaka chuo, serikali inakulipa mshahara, unashindwa kuchana karatasi? Mgongo wako, nundu yako, picha ya kwako, ila bahasha siyo yako. Haya. Nimeshona miaka kumi na tano, sijaona mteja anakataa gauni lake kwa sababu mfukoni nimeandika jina la mume wake.

Hiyo nundu naijua. Nilikuwaga nakuogesha nayo, laini kama ndizi iliyoiva, ina vinywele juu. Mama alikupelekaga kwa mzee mmoja akakuchanja chale tatu palepale ili itoke. Ulilia siku mbili, nundu ikabaki. Toka hapo mama akaniambia nikuogeshe ndani, nisikuogeshe uani, watu wasione. Labda ndiyo maana hujui kulisema jambo hili. Tulikufundisha hivyo.

Kama unaogopa kufungua, nitumie mimi. Mimi sikula kiapo cha mtu. Baba nitamwambia kazi zimekubana, ila hatakaa aamini, anajuaga kazi yako ni kukaa.

Dada yako,
Marcelina


Buhare, Musoma
20 Februari 2023

Dada,

Shikamoo. Nimempa Leodgar bahasha. Nimeifunga kwenye gazeti, kisha nailoni, isilowe. Nakuomba uitunze tu. Usiifungue. Ikishatoka chumbani kwangu labda nitapata akili ya kwenda kwa daktari na kumwambia iko wapi, naye aiagize mwenyewe kwa utaratibu.

Kuna jambo sikulisema. Jumamosi nilikuwa napika, kaa la moto likadondoka, nikalikanyaga. Nilijua kwa harufu. Nilidhani mwenye nyumba anachoma nyama, hata nikatoka mlangoni kuangalia. Kidonda si kikubwa, nakisafisha kila siku. Kilichonitisha ni kwamba nilisimama pale juu ya kaa nikiitafuta harufu inatoka wapi.

Pastory


Kabasa, Bunda
2 Machi 2023

Mdogo wangu mpenzi Pastory,

Marahaba baba yangu. Natumaini unakula vizuri na unapumzika. Nimekuletea chupa mbili za samli, na kuku wawili wa kienyeji nimewakaanga wasiharibike njiani. Ule, baba. Nimekushonea na suruali mbili. Sikuhitaji vipimo vyako, ninavyo kichwani.

Nimezungumza na baba. Anaona tusingoje Pasaka. Anaona twende Kiabakari mwezi huu na ndoa ifuate bila kuchelewa, na mimi naona hivyohivyo. Mtu akishakuwa na mtoto, hata likitokea la kutokea, nyumba yake inakuwa imesimama. Mbuke ni binti mzuri, atakutunza.

Kidonda usikipuuze. Ukihitaji mtu wa kukaa nawe, nitafunga kazi nije, hata mwezi.

Bahasha ipo kabatini. Usiifikirie tena. Jumapili nimekuwekea nia kwenye misa.

Dada yako akupendaye sana,
Marcelina


Buhare, Musoma
16 Machi 2023

Dada,

Shikamoo. Asante kwa kunirudishia bahasha nilipoiomba, na bila kuuliza kwa nini. Imefika.

Umeifungua.

Sikulaumu. Naeleza tu nilivyojua, usije ukadhani Leodgar amesema. Bahasha ya ofisi inakuja na gundi yake, ambayo ikikauka inakuwa ya manjano na inang'aa. Hii imefungwa kwa uji wa muhogo, ule unaobandikia karatasi za kukatia vitambaa, halafu umeipiga pasi ili ilale. Umefanya kazi nzuri. Mtu mwingine asingeona. Lakini mikononi mwangu zinapita bahasha arobaini kwa siku.

Ndani sijaangalia hata sasa. Sina haja. Kabla ya kuipata ulikuwa unanitukana, na nilikuwa nafurahi kutukanwa. Baada ya kuipata umeniita baba, umeniletea samli, umeniombea misa, na unataka nipate mtoto haraka. Mtu haombewi misa kwa ganzi ya mguu.

Tafadhali usiniandikie imesema nini. Mbuke nitamwandikia mwenyewe. Mtu asiletwe kwenye nyumba ili aje kuwa mjane, hata kama wazee wanaona ni sawa.

Pastory


Buhare, Musoma
17 Machi 2023

Mbuke,

Habari za Kiabakari, na habari za mashine ya kusaga. Mimi ni mzima.

Nakuandikia kukujulisha kwamba, kwa sababu zisizozuilika, mazungumzo yaliyotarajiwa kati ya wazee wetu hayataendelea. Hakuna kosa lolote kwa upande wako. Kuanzia sasa uko huru kupokea posa nyingine. Nakushukuru kwa miaka hii miwili. Naomba usinipigie simu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Pastory Nyamhanga


Kiabakari
21 Machi 2023

Pastory,

Barua nimeisoma nikiwa nimesimama, mashine inaunguruma, watu kumi na wawili kwenye foleni na mahindi yao.

Sababu zisizozuilika. Mimi nina mashine inayoharibika kila wiki. Fundi akija ananiambia mkanda umekatika, au beringi imekufa. Hajawahi kuniambia sababu zisizozuilika. Siku akiniambia hivyo namfukuza na spana zake.

Kama ni mwanamke, mtaje. Kama umenichoka, andika umenichoka, ni neno moja. Kama ni ugonjwa, utaje. Krismasi nilikuona unapanda ngazi za kanisa umeshika ukuta. Nilinyamaza nikingoja useme. Nimengoja miezi mitatu, na ulichosema ni kwamba niko huru. Kwani nilikuwa nimefungwa?

Na hiyo ya ujenzi wa taifa ulikuwa unamwandikia nani? Mimi nasaga unga.

Mbuke


Kabasa, Bunda
22 Machi 2023

Pastory,

Nimefungua, ndiyo. Niliishikia juu ya mvuke wa birika. Nisamehe.

Kile kiingereza cha madaktari mimi sikukiweza. Nikapeleka kwa Nyamburi wa duka la dawa hapa mtaani, nikamwambia ya mteja wangu. Akaanza kunisomea. Akasema, "Ni uvimbe huu. Uko ndani ya uti wa mgongo." Nikasimama. Nikamnyang'anya karatasi. Akaniita, "Dada rudi, sijamaliza." Nikamwambia nimeacha pasi kwenye umeme. Sikurudi.

Kwa hiyo nilichokijua ni mstari mmoja, mura. Huo mstari mmoja ndiyo nimekupikia kuku, ndiyo nimemwambia baba akalia mbele yangu, mzee yule. Sijui mstari wa pili unasemaje. Kila siku napita mbele ya duka la Nyamburi natazama upande wa pili wa barabara. Wewe unapita getini, mimi napita dukani. Tumezaliwa tumbo moja kweli.

Nimekukosea. Ila sasa hiyo bahasha imeshafunguliwa, siri imeshakufa, kiapo chako hakina cha kulinda. Ipeleke. Ukipenda nije nikushike mkono mpaka mlangoni, niambie, nitakuja na cherehani kichwani.

Marcelina


Buhare, Musoma
31 Machi 2023

Dada,

Shikamoo. Nimeipeleka. Nilikuwa na barua mbili mfukoni, yako na ya Mbuke, aliyenitukana vizuri, nikaona aibu kurudi nyumbani nazo zote mbili.

Daktari ni mama wa makamo, anaongea polepole. Aliigeuza bahasha, akatazama tarehe. "Mwanza mpaka Musoma siku sabini," akasema. "Ilikuja kwa miguu?" Nikamwambia ilipitia Bunda. Akaisoma yote kimya, nami nikahesabu vigae vya ukutani. Kisha akaigeuza karatasi ielekee kwangu. "Soma na wewe. Inakuhusu kuliko inavyonihusu." Macho yalikataa, kwa hiyo akanisomea kwa Kiswahili, mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, na sikusimama.

Ni uvimbe, kama Nyamburi alivyosema. Ni uvimbe wa mafuta. Mafuta ya kawaida, kama yaliyo chini ya ngozi ya mtu yeyote, ila haya yalipotea njia nilipokuwa tumboni mwa mama. Yaliingia ndani ya uti wa mgongo yakajishika kwenye ile kamba ya mishipa ya fahamu. Nundu ya nje ni kama mkia wake. Uvimbe wenyewe si saratani, na hautageuka kuwa saratani. Tabu yake ni kwamba umeishika ile kamba, kama mbuzi aliyefungiwa kamba fupi. Kila ninapoinama inavutwa. Ganzi inatoka hapo.

Nilimuuliza kama nitakufa. Akasema, "Utakufa, lakini sijui kwa nini, na sidhani kama ni kwa hili."

Alimpigia simu bingwa wa Mwanza mbele yangu. Kuyaondoa yote haiwezekani, maana yameshikana na mishipa yenyewe. Wanaweza kuyapunguza na kuilegeza kamba, lakini kisu kikikosea naweza kupoteza zaidi ya nilichopoteza. Kwa hiyo watapima nguvu za mguu kila miezi mitatu. Ukizidi kudhoofu, watanipasua. Ukibaki ulivyo, tutauacha uvimbe. Kilichokwisha kupotea huenda kisirudi. Na kila jioni nikague nyayo, kwa sababu nyayo zenyewe hazisemi.

Basi si kwamba nimepona, dada. Nitaishi nalo. Nilipotoka nilikaa kwenye benchi la nje muda mrefu, na sikujua kama nafurahi au naomboleza mguu. Labda vyote.

Jambo la mwisho. Aliniuliza nimeongezeka kilo ngapi tangu Januari. Nimeongezeka nne. Akasema mafuta ya ndani yanafuata ya nje, nikinenepa nayo yananenepa. Samli usilete tena.

Mwambie baba mstari wa pili. Mwambie leo.

Mdogo wako,
Pastory


Buhare, Musoma
1 Aprili 2023

Mbuke,

Ulisema kama ni ugonjwa niutaje.

Nina uvimbe wa mafuta ndani ya uti wa mgongo. Nilizaliwa nao. Si saratani. Umeshika mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni, ndiyo maana uliniona nashika ukuta. Mguu wa kushoto una ganzi kuanzia goti kwenda chini, na nimewahi kukanyaga moto nisijue. Unaweza kubaki hivi miaka mingi. Unaweza kuzidi, nikapasuliwa, na kupasuliwa nako kuna hatari zake. Hakuna anayejua, hata daktari.

Hayo hata dada yangu anayajua. Yafuatayo nimemwambia daktari, na sasa wewe. Mkojo wakati mwingine unatoka kabla sijapata taarifa. Nabeba suruali ya pili kwenye begi. Ofisini wanadhani ni chakula. Na kuhusu watoto, nilimuuliza. Alisema hawezi kuniahidi wala kunikatalia.

Nilikuandikia vile kwa sababu majibu yalikuwa kwenye bahasha niliyoogopa kuifungua, nikadhani nakufa, na nilidhani kukuacha bila sababu ni heshima. Fundi wako ana akili kuliko mimi.

Sikuombi neno. Nimeandika ili usiwe na barua yangu ile ya kwanza tu.

Pastory


Kiabakari
5 Aprili 2023

Pastory,

Hii sasa ndiyo barua.

Nimefunga mashine saa tisa. Sijawahi kufunga mapema tangu msiba wa mama. Watu wameondoka na mahindi yao wakinung'unika.

Sijui nitasema nini, na usinisukume. La suruali sijalishtukia, nimeuguza bibi yangu miaka minne. La watoto ndilo linanikalisha. Nitalifikiria kwa wakati wangu.

Ila baba yako aje baada ya Pasaka kama ilivyopangwa mwanzo, Jumamosi ya tarehe 15, na wewe uje. Najua si desturi mwoaji kukaa kwenye kikao cha mahari. Uje hivyohivyo, uwaambie kwa mdomo wako. Ukiwaficha, na mimi nikakubali, siku baba mkubwa Mhoja akijua atasema niliolewa kwa ujanja, na ni mimi nitakayesemwa maisha yote. Sitaki kuanza kwa kubeba bahasha ya mtu.

Mbuke


Kabasa, Bunda
11 Aprili 2023

Pastory,

Nasikia unataka kwenda kusema mbele ya wazee. Usiseme, nakuomba. Mbuke anajua, inatosha. Ndani ya suruali mguu hauonekani, ndiyo maana nilizishona ndefu. Wakiuliza, useme ulianguka na pikipiki, nani hajaanguka na pikipiki?

Baba hana raha. Ananiambia watu wa kule ng'ombe wa mahari wanawatembeza mmojammoja, akichechemea wanamrudisha palepale, hawajali umetoka naye wapi. Sasa mtu watamfanyaje? Wakikataa, wataitangaza sababu mpaka Bunda. Utaoa wapi tena?

Mimi siwezi kuja, nina sare za kwaya hamsini. Ningekuja ningekuziba mdomo.

Marcelina


Butiama
17 Aprili 2023

Dada,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nyumbani kwa baba, kesho narudi kazini. Najua umeshapiga simu kwa kila mtu, lakini kila mtu amekueleza kwa namna yake.

Walikuwa wazee sita. Baba alianza vizuri na salamu na habari za mvua. Mimi nilikaa karibu na mlango, na walinitazama kama mtu aliyekosea nyumba. Baba alipofika kwenye ng'ombe, nikaomba kusema. Baba akanikanyaga mguu kunizuia. Alikanyaga wa kushoto.

Nikawaambia yote isipokuwa moja, ambalo Mbuke analijua. Nilipomaliza, mzee Mhoja akauliza, "Mafuta? Mgongoni?"

"Ndiyo, mzee."

"Ng'ombe wetu wote wana mafuta mgongoni. Asiye nayo ndiye tunamkataaga."

Walicheka, isipokuwa baba. Mzee Mhoja hakucheka pia. Akasema, "Simama. Tembea mpaka ghalani, urudi."

Nilitembea, dada. Ni hatua kama arobaini. Sikushika ukuta, maana hapakuwa na ukuta. Mguu ulikuwa unaburuza kama kawaida yake, na ilikuwa mara ya kwanza kuuacha uburuze watu wakitazama. Kwenye mlango wa jiko nilimwona Mbuke. Hakutabasamu, hakuinamisha uso. Alikuwa anaangalia mguu, kama anavyoangalia mkanda wa mashine unavyozunguka.

Niliporudi baba alianza kuomba radhi. Mzee Mhoja akamkatiza. "Mzee Nyamhanga, sisi ng'ombe akichechemea tunamrudisha kwa sababu hawezi kutuambia anaumwa nini. Huyu ametuambia. Sisi hatuna neno. Neno analo binti."

Mbuke aliitwa. Alisalimia, akapiga goti, akasema anaomba wiki mbili. Yule shangazi yake mnene akasema wiki mbili za nini, unga unasagwa kwa dakika tano. Mbuke akasema, "Huu si unga, shangazi."

Tumeondoka na wiki mbili. Tulipofika nyumbani baba aliniletea kiti, akasema, "Kaa, umetembea sana." Kisha akaniomba nivue shati aione nundu. Alikuwa hajaiona tangu nilipokuwa mtoto mchanga. Aliigusa kwa kidole kimoja kwenye zile chale, na akasema hakujua kama ni laini.

Nasubiri. Naogopa jibu, lakini woga huu una jina na una tarehe, kwa hiyo nakula na nalala.

Mdogo wako,
Pastory


Kiabakari
12 Februari 2024

Wifi Marcelina,

Shikamoo. Barua yako imefika. Uliniomba nikueleze ukweli kuhusu mguu wa mume wangu bila mwenyewe kujua. Ukweli nitakueleza, lakini barua yako nimemsomea, na hii yangu ameisoma kabla sijaifunga. Amecheka pale ulipoandika "usimwonyeshe."

Tangu ahamishiwe Butiama hali ni nafuu, hasafiri sana. Kipimo cha Januari si kizuri kama cha Oktoba. Vidole vya mguu wa kushoto havinyanyuki kama zamani. Paja na goti ni vilevile. Daktari ameandika, amesema tusubiri kipimo cha Aprili, na kama vitashuka tena tutakwenda Mwanza kuzungumza habari za kupasuliwa. Siku mbili hakula. Siku ya tatu alikula ugali wa watu wawili, nikamkumbusha kilo zake, akaninunia.

Kwenye tope anatembea na fimbo. Ameweka kengele kwenye simu ya kumkumbusha kwenda haja kila baada ya saa tatu. Jana imelia kanisani katikati ya mahubiri, akatoka nje haraka, na mama mmoja akaniuliza kama mume wangu amepandishwa cheo, maana anatafutwa sana. Nikamwambia ndiyo.

Lile jingine unalouliza kwa kuzungukazunguka, la mtoto, sina habari ya kukupa. Tunakwenda nalo hivyohivyo. Usinitumie dawa ya mtu, nakuheshimu sana.

Umeuliza kama bado anaogopa. Siku ya kipimo alikaa kitandani na soksi moja mkononi, akasema, "Mbuke, naogopa." Nikakaa. Nikamwambia na mimi. Tukakaa hapo mpaka gari la saa moja likapita bila sisi, tukapanda la saa mbili.

Wifi yako,
Mbuke